Gari Yako Inapiga Kelele Kwa Gurudumu? Jua Ni Nini Kabla Fundi Akuuzie Spea Hukuhitaji

Gari yako imeanza kuongea. Mwanzo ilikuwa kasauti kadogo tu ukiwa Thika Road usiku, ukadhani ni lami. Sai ni wiki ya pili, kelele imekomaa, na dawa umeipata mwenyewe: unaongeza sauti ya redio.

Hapo kuna ngori mbili. Moja ni ya uhai, ju kuna kelele zinasema gurudumu linataka kukuacha njiani, na halitachagua kama uko kwa estate ama uko unateremka Mai Mahiu na familia. Ya pili ni ya mfuko. Ukiingia gereji na umwambie fundi "kuna kitu inalia huku mbele", umemwachia pochi wazi. Si ati mafundi wote ni wakora, la, wengi wanajua kazi yao vizuri. Lakini hiyo sentensi haimsaidii. Atabadilisha beringi, kelele ibaki. Atabadilisha pedi, kelele ibaki. Alafu siku ya tatu ipatikane ni kijiwe kilikuwa kimekwama kwa breki, na doh yako ishaenda.

Kitu wasee wengi hawajui ni kwamba sauti yenyewe si muhimu sana. Kila mtu huieleza kivyake: huyu atasema inanguruma, mwingine inalia, mwingine inakwaruza. Muhimu ni inalia LINI. Ukikanyaga breki? Ukikata kona? Ukipita tuta? Ukifika 80? Jibu la hilo swali linaondoa nusu ya spea kwa hesabu kabla hujatoa hata soo mfukoni.

Kwanza hakikisha ni gurudumu

Simamisha gari mahali tambarare, handibreki juu, gia iwe kwa P ama niutro. Kanyaga mafuta polepole. Kama ile kelele inatokea na inapanda na injini, wachana na magurudumu, shida iko kwa injini ama mkanda ama egzosi. Kelele ya gurudumu inafuata mwendo wa gari. Gari ikisimama, yenyewe inanyamaza.

Alafu kuna hesabu rahisi sana. Tairi ya kawaida ya saluni, tuseme 195/65 R15, ikizunguka mara moja inasonga kama mita 2. Ukienda kilomita 10 kwa saa, gurudumu linazunguka kama mara moja na nusu kwa sekunde. Hapo unaweza kuhesabu kabisa: tak... tak... tak. Ukifika 80, linazunguka kama mara 11 kwa sekunde, na zile tak zote zinashikana zinakuwa mlio mmoja. Ndio maana msumari kwa tairi unasikika ukiwa unaingia pakingi lakini barabarani hauusikii. Kelele yenye pigo moja kwa kila mzunguko wa gurudumu ni kitu kimeshikilia mahali pamoja: msumari, jiwe kwa meno ya tairi, kifuniko cha rimu kimelegea, ama tairi imefura. Anza hapo, ju kuangalia ni bure. Zungukia gari, angalia kila tairi, songesha gari nusu mzunguko, angalia tena. Ukipata msumari usiung'oe hapo kwa barabara kama huna spea tairi yenye upepo. Wacha ukae, upeleke polepole kwa msee wa pancha.

Ukipata uvimbe kama yai upande wa tairi, hiyo tairi imekufa. Usiende ocha nayo.

Nati zimelegea: hii haingoji kesho

Naiweka mbele ju ndiyo inaua na ndiyo rahisi zaidi kutengeneza. Umebadilisha tairi juzi, ama umetoka kwa msee wa pancha, ama umefanyiwa breki. Siku moja ama mbili baadaye unasikia kitu kinagonga ngo ngo ngo ukiwa mwendo wa pole, usukani unatingika, na ukiongeza spidi pengine inapungua kidogo ukadhani imeisha. Haijaisha. Simama mahali salama, weka pembetatu nyuma, toa wili spana ucheki kila nati.

Usidhani ni uzembe wa jua kali peke yake. Juni 2022 Toyota wenyewe waliita karibu magari 2,700 ya umeme ya bZ4X duniani kote, ju bolti za gurudumu zingeweza kulegea na gurudumu litoke. Kama kampuni yenye maroboti inaweza kupatikana hapo, jamaa mwenye jeki na kompresa kando ya stage pia anaweza.

Nati zinakazwa kwa kuruka: kaza moja, alafu ya upande wa pili, kama unachora nyota. Ukizikaza kwa kufuatana, rimu inakaa mshazari, na ukienda kilomita chache inajiweka sawa na nati zinabaki huru. Saluni nyingi za Toyota zinataka nguvu ya Nm 103 kwa spana ya kipimo. Kama huna spana hiyo, kaza kwa wili spana ya kawaida kwa nguvu za mkono. Usipande juu yake na mguu, ju ukizidisha unavuta bolti mpaka zinadhoofika, na siku moja inakatika. Usipake grisi wala oili kwa meno ya bolti ukidhani unasaidia. Grisi inafanya nati ikazike kupita kiasi bila wewe kujua. Na baada ya tairi kutolewa, rudia kuzikaza ukishaenda kati ya kilomita 50 na 100. Ni dakika tano.

Kama tayari umeendesha na nati zimelegea, cheki matundu ya rimu. Yakiwa yamepanuka na kuwa mviringo mbaya kama yai, hiyo rimu usiirudishe.

Mngurumo unaopanda na spidi

Hapa ndipo doh nyingi hupotea, ju vitu viwili tofauti kabisa vinatoa sauti karibu moja: beringi na tairi.

Beringi ni vigololi vya chuma ndani ya habu, vimezungukwa na grisi, vinabeba uzito wote wa kona hiyo ya gari huku vikizunguka. Njia ya vigololi ikiwa laini, husikii kitu. Ikipata kakovu kadogo tu, kila gololi linapita hapo linagonga, na sauti yake ni kama ndege iko mbali: uuuuuu. Inaanza labda 50 ama 60, inapanda na spidi, na kutoa mguu kwa mafuta hakuinyamazishi.

Na kwa nini iharibike? Nairobi ina majibu mengi. Shimo moja baya, gari ikiwa imejaa, linaweza kubonyeza vigololi vikaacha alama kwa chuma, na kelele ije baada ya wiki, ukiwa umesahau hata shimo lenyewe. Maji pia. Wale mliopitisha magari kwa mafuriko ya Aprili 2024, maji yakipita sili ya beringi yanaosha grisi na kuacha kutu, na mlio unakuja miezi baadaye. Alafu kuna nyinyi watu wa Subaru mmeongeza speisa ndio magurudumu yatoke nje yakae kwa luku. Inabamba, sikatai. Lakini kila sentimita unayosukuma gurudumu nje ni mzigo zaidi kwa beringi, ni kama kubeba ndoo ya maji ukiwa umenyoosha mkono.

Sasa, kujua ni upande gani. Fikiria venye huwa kwa matatu: dere akikata kulia, nyote mnalalia kushoto. Gari yako ni hivyo hivyo, uzito unaenda upande wa nje wa kona. Kwa hivyo ukikata kulia na mngurumo uongezeke, shuku beringi ya kushoto. Ukikata kushoto ikiongezeka, shuku ya kulia. Raundabauti ya Kenya tunaizunguka kwa kukata kulia, kumaanisha ukizunguka ile haina jam (najua, najua), beringi mbovu ya kushoto ndiyo italia. Njia nyingine: barabara nyoofu isiyo na magari, mwendo kama 60, yumbisha usukani polepole kidogo kushoto, kidogo kulia. Kidogo tu, usigeuke mtu wa rali. Mara nyingi inakuambia ukweli, lakini si kila mara, na ndio maana kuna jaribio la mkono huko chini.

Mwenzake ni tairi. Tairi ikilika vibaya, meno yake yanakuwa na vilima na mabonde, na inanguruma kama beringi neno kwa neno. Kutofautisha, badilisha barabara. Toka kwa lami laini uingie lami iliyochakaa, ama pita Mbagathi Way yenye zege. Tairi hubadilisha sauti kila barabara ikibadilika. Beringi haijali, wimbo wake ni ule ule. Pia, beringi hubadilika ukikata kona, tairi mara nyingi hubaki vile iko.

Ukifika nyumbani, pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kwenda na kurudi. Njia moja ikiwa laini na nyingine inakuna kama msumeno, alaimenti imeenda. Ukihisi vilima na mabonde kuzunguka tairi, cheki shoki na balansi. Jaribio la mwisho linataka tu jeki na jasho: peleka tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele, endesha. Kelele ikihama na tairi, umeokoa beringi. Ikibaki mahali ilikuwa, sasa zungumza na fundi.

Kwa walionunua gari mpya kutoka Japan, kuna hii. Sheria yetu inakubali gari isiyozidi miaka 8, na tairi ilizokuja nazo zinaweza kuwa na umri wa gari yenyewe. Tafuta namba nne mwisho wa yale maandishi ya DOT pembeni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri lakini raba imekauka ngumu, inanguruma na haishiki lami ya mvua. Muuzaji hakuambii hiyo, anakuonyesha meno tu.

Beringi inayonguruma inaweza kukaa muda bila kukuachilia, na hiyo ndiyo mtego. Haina ratiba. Taa ya ABS ikiwaka pamoja na mngurumo, kwa gari nyingi sensa ya ABS inasomea hapo hapo kwa habu, kwa hivyo beringi imeanza kucheza. Ukisikia mngurumo umegeuka kusaga, ama usukani unatetema, ama rimu moja ni moto kuliko zingine, safari imeisha. Ita mtu wa kuivuta.

Tak-tak-tak ukikata kona

Gari nyingi za hapa, Vitz, Fielder, Demio, Note, zinavutwa na magurudumu ya mbele. Kila upande kuna shafti inayotoka kwa gia hadi gurudumu, na mwisho wake kuna sivi jointi inayoruhusu gurudumu likate kona huku linazungushwa. Jointi imevalishwa buti ya raba yenye grisi ndani. Buti ikipasuka, grisi inarushwa nje, mchanga unaingia, na jointi inajisaga yenyewe.

Dalili yake ni moja na haifichiki: ukikata usukani hadi mwisho na kukanyaga mafuta, kama unatoka pakingi ama unageuza gari kwa barabara nyembamba, unasikia tak-tak-tak-tak inayoharakisha na gari. Ukinyoosha usukani inapotea. Jaribu kwa uwanja mtupu, zunguka polepole kushoto, alafu kulia. Kisha chungulia ndani ya rimu na nyuma ya tairi. Grisi nyeusi imetapakaa? Umeipata.

Hapa kuna pesa ya kuokoa. Ukiona buti imepasuka na bado hakuna kelele, badilisha buti na grisi peke yake, na bei yake haifiki hata karibu na ya jointi. Ikishaanza kulia, chuma kishalika. Kuna fundi atakuambia "tuongeze grisi tu itanyamaza", na kweli itanyamaza, kwa siku chache.

Gari kama Hiace ya mat inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hivyo kwa kawaida mbele haina hiyo shafti. Hiyo ikigonga unapotia gia ama ukiachilia mafuta, mwambie fundi aangalie jointi za ile shafti ndefu ya katikati.

Breki: kulia, kukwaruza, kusaga

Asubuhi mapema baada ya mvua, diski zinakuwa na kutu kidogo. Breki mbili tatu za kwanza zitakwaruza alafu zinyamaze. Hiyo ni kawaida, usilipe mtu.

Pedi nyingi zina kabati kadogo ka chuma kamewekwa makusudi. Pedi ikilika hadi karibu kuisha, hako kabati kanagusa diski na kupiga mbinja nyembamba, kriiiii. Wakati mwingine inalia ukiendesha tu na inanyamaza ukikanyaga breki, ndio watu wanachanganyikiwa wanadhani si breki. Hako ni ka kengele. Bado uko na muda, lakini wa kwenda kununua pedi, si wa kungoja mwisho wa mwezi ujao.

Ukipuuza, mbinja inageuka kusaga: grrrr, chuma kwa chuma, unaisikia hadi kwa pedali. Pedi imeisha, na sasa unakula diski. Kilichokuwa kazi ya pedi kimekuwa pedi na diski, na hiyo ni hasara ndogo. Kubwa ni kwamba breki haishiki vile inafaa. Kama uko juu ya mteremko wa Mai Mahiu ama unaelekea Salgaa na unasikia hiyo, usiteremke. Simama juu. Na hata kama breki zako ni fiti, mteremko mrefu unashukwa na gia ndogo: kwa otomatiki tumia L, 2 ama B, kulingana na gari. Ukishika breki kutoka juu hadi chini, zinachemka hadi zinakataa kushika.

Alafu kuna yule mkora mdogo, kijiwe. Umetoka ocha kwa barabara ya changarawe, ghafla gurudumu linapiga mayowe ya chuma kama gari inavunjika. Nyuma ya diski kuna bati jembamba la kuzuia uchafu, na kokoto ikiingia kati yake na diski, kelele yake haina uhusiano na ukubwa wake. Rudisha gari nyuma polepole mita chache, mara nyingi inaanguka yenyewe. Ikikataa, gurudumu litolewe na bati livutwe kidogo na bisibisi. Ni kazi ya kukunywesha fundi chai. Mtu akikuandikia bei ya beringi kwa hii, zima simu.

Mwisho wa breki: umefika nyumbani na rimu moja inatoa joto kali na harufu ya kuungua, na gari ilikuwa inavuta upande mmoja. Breki ya hapo imekwama, haiachilii. Usiguse rimu, weka tu kiganja karibu uhisi joto, linganisha na upande wa pili. Usimwage maji baridi kwa diski ya moto, inaweza kupinda. Hiyo isiendeshwe tena kabla ishughulikiwe.

Kugonga kwa matuta

Ikigonga tu ukipita tuta ama shimo, na kwa lami laini imenyamaza, si gurudumu lenyewe, ni vitu vinavyolishikilia. Kokoko ndogo ndogo za haraka kwa barabara mbovu mara nyingi ni stabilaiza linki, spea ya bei ya chini, na watu wengi wameuziwa shoki nzima kwa sababu yake. Dum moja nzito ukiingia shimo inaweza kuwa bushi ama shoki. Ya kuogopa ni bol jointi: ikiachilia, gurudumu linalala chini ya gari. Ukisikia kugonga pamoja na usukani kuzurura barabarani, usichelewe.

Jaribio la mkono

Hili unaweza kufanya mwenyewe, lakini kwa akili. Ardhi tambarare, mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, gari ikae juu ya stendi. Jeki si ya kutegemea. Usiingize hata mguu chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake.

Shika tairi juu na chini, sukuma ukivuta. (Video nyingi za nje zinasema "saa 12 na saa 6". Ukifuata saa za Kiswahili unaweza kuchanganyikiwa, kwa hivyo juu na chini tu.) Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki na ujaribu tena. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni bol jointi ama kitu kingine cha suspensheni. Kisha shika kushoto na kulia. Ikicheza hapo peke yake, kwa gurudumu la mbele, shuku tairodi za usukani.

Sasa zungusha gurudumu kwa mkono mmoja na mwingine ushike springi ya shoki. Beringi mbovu utaihisi kwa vidole, springi inatetema kama simu iliyowekwa kwa vaibresheni. Kwa gurudumu la mbele gia iwe niutro na handibreki juu. Kwa la nyuma handibreki iwe chini na gia kwa P. Na usizungushe kwa injini wakati mkono wako uko huko ndani, tafadhali.

Ukifika kwa fundi

Mwambie hivi: "Inanguruma kuanzia 60, inaongezeka nikikata kulia, haibadiliki kwa lami tofauti, na kukanyaga breki hakubadilishi kitu." Hiyo sentensi moja inamwonyesha huyu si wa kubahatishiwa. Alafu ingieni kwa gari pamoja asikie kabla ya kuinua chochote. Fundi anayekataa kusikia kelele lakini ana bei tayari, tafuta mwingine.

Akisema ni kitu fulani, akuonyeshe kikicheza kikiwa bado kwa gari. Nenda dukani na spea ya zamani mkononi kama inatoka, iwe ni Kirinyaga Road ama popote, ju gari moja ya mwaka mmoja inaweza kuwa na beringi za aina mbili. Pedi zinabadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, hapo hajakudanganya. Lakini beringi ya kushoto ikiharibika, ya kulia haina lazima. Wakisema "tufanye zote mara moja", uliza ya pili imekosea nini.

Na kwa beringi, simama hapo uangalie inavyoingizwa. Zile za kushindiliwa ndani ya habu zinataka mashine ya presi. Fundi akitoa nyundo na kuanza kuipiga mpya iingie, kila pigo linapita kwa vigololi na kuacha kovu lile lile lililokuleta. Utaondoka kimya, na mngurumo utarudi kabla ya muda, na wote mtasema spea ilikuwa feki. Kama gereji haina presi, habu ipelekwe kwa mwenye nayo, ni gharama ndogo.

Chukua spea iliyotolewa, hata kama ni takataka. Zungusha beringi ya zamani kwa kidole. Mbovu inakwaruza. Ikizunguka laini kama hariri, muulize fundi kwa upole kwa nini imetoka.

Kisha kabla ya kutuma M-Pesa, rudini barabarani, spidi ile ile, kona ile ile, redio ikiwa imezimwa. Na ukishamaliza kilomita 50, wili spana, nati zote, kwa kuruka.